Muda wa mwisho wa kipengee cha kashe unaaminika kwa kiasi gani? Viti vya basi haviachiliwi kwa wakati

mkata_tiketi anauliza:

Ndugu wataalamu, naomba mchango wenu katika jambo ambalo limekuwa likiwaumiza abiria, nami ningependa kulielewa kwa undani kabla sijabadili chochote.

Ninahudumia mfumo wa kuuza tiketi za mabasi ya mikoani kupitia wavuti. Umejengwa kwa ASP.NET Core, unatumia hifadhidata ya PostgreSQL, na unaendeshwa katika seva moja ya Windows chini ya IIS, programu ya Windows ya kuendesha tovuti. Abiria akichagua kiti, mfumo humshikilia kiti hicho kwa dakika 10 ili alipe kwa simu. Asipolipa, kiti kinapaswa kurudi katika orodha ya viti vilivyo wazi. Walioujenga mfumo waliuweka ushikiliaji huu ndani ya IMemoryCache, yaani kashe (hifadhi ya muda ya data) iliyo katika kumbukumbu ya programu yenyewe. Kila kiti kilichoshikiliwa ni kipengee kimoja chenye muda wa mwisho wa dakika 10, na pamoja nacho umesajiliwa msimbo wa kuitwa pindi kipengee kinapoondolewa. Msimbo huo ndio unaoingia katika hifadhidata na kubadili hali ya kiti kutoka "kimeshikiliwa" kuwa "kiko wazi".

Ninachokiona ni hiki. Mchana, wateja wanapokuwa wengi, kiti huachiliwa kikiwa kimechelewa kidogo, pengine sekunde kadhaa, pengine karibu dakika nzima. Usiku hali ni mbaya zaidi: kiti kilichoshikiliwa saa saba usiku huweza kubaki hivyo hadi alfajiri, kisha viti vyote vilivyokwama huachiliwa kwa mkupuo mara tu mtu wa kwanza anapoanza kutafuta safari. Tovuti yenyewe hailali, kwa sababu tuna huduma ya ufuatiliaji inayofungua ukurasa mmoja mtupu kila baada ya dakika chache. Tena kuna viti vichache ambavyo haviachiliwi kabisa mpaka mhudumu wa ofisini avirekebishe kwa mkono, na sijaweza kuona mpangilio wowote katika siku au saa vinapokwama. Kwa basi linaloondoka saa kumi na mbili asubuhi, kiti kinachoonekana kimechukuliwa usiku kucha kinasafiri kitupu, ilhali alikuwepo mtu aliyekihitaji na akaambiwa basi limejaa.

Jambo la pili linahusu orodha ya nauli. Imo katika kashe hiyo hiyo, na muda wake wa mwisho ni saa sita usiku, kwa kuwa nauli mpya huanza kutumika siku mpya inapoanza. Hata hivyo nauli za zamani huendelea kuonekana hadi saa tisa usiku. Hili halibadilikibadiliki kama lile la viti. Kila nauli zinapobadilishwa, ni saa tisa.

Mwenzangu mmoja anashauri tupunguze muda wa ukaguzi wa kashe, yaani ExpirationScanFrequency, kutoka dakika moja hadi sekunde moja. Mwingine anashauri tuhamie Redis, hifadhi ya data inayoendeshwa nje ya programu, na tusikilize taarifa zake za funguo zilizokwisha muda. Kabla ya kuchagua, ningependa kuelewa usahihi wa muda wa mwisho katika kashe ni wa kiwango gani hasa, na kama inafaa kuutegemea kwa kazi ya namna hii.

---

fundi_seva anajibu:

Ndugu mkata_tiketi, katika swali lako kuna nyakati mbili tofauti zinazochukuliwa kuwa wakati mmoja. Wa kwanza ni wakati ambao kashe inaacha kukupa kipengee unapokiomba. Wa pili ni wakati ambao kashe inakiondoa kipengee hicho katika kumbukumbu na kukuarifu kwamba imekiondoa. Wakati wa kwanza ni sahihi kadiri saa ya seva ilivyo sahihi. Wakati wa pili haukuahidiwa popote, na mfumo wenu umejengwa juu ya huo wa pili.

Ukiomba kipengee kutoka IMemoryCache, kashe hulinganisha wakati wa sasa na muda wa mwisho wa kipengee. Muda ukiwa umepita, hupewi kitu, hata kama kipengee bado kimo katika kumbukumbu. Hapo hakuna kuchelewa kwa dakika wala kwa sekunde. Lakini asipokuwepo mtu wa kukiomba, kipengee kinaendelea kukaa. Kashe hii haina kipima muda kinachoamka chinichini na kuvitafuta vipengee vilivyokwisha muda. Ukaguzi huanzishwa na shughuli yoyote juu ya kashe, yaani kusoma, kuweka au kufuta, nao hufanyika tu ikiwa tangu ukaguzi uliopita umepita muda uliowekwa katika ExpirationScanFrequency, ambao kwa kawaida ni dakika moja. Ndiyo maana mchana mnachelewa kwa kiasi kisichozidi sana dakika moja: daima yuko mtu anayeigusa kashe. Usiku ukurasa wenu mtupu wa ufuatiliaji unauweka mchakato hai lakini hauigusi kashe, kwa hiyo hakuna kinachoanzisha ukaguzi hadi abiria wa kwanza wa alfajiri atakapotafuta safari. Ulichokiona ndicho hasa kinachotarajiwa kutokana na muundo huo.

Hii si kasoro ya maktaba moja. Katika Java, maktaba ya Guava nayo husafisha vipengee vilivyokwisha muda wakati wa kuandika, na mara chache wakati wa kusoma. Caffeine hufanya vivyo hivyo isipokuwa umeipa mpangaji wa kazi wa kuiamsha. MemoryCache ya zamani ya .NET Framework, ile ya System.Runtime.Caching, ilikuwa na kipima muda, lakini kilikagua kila baada ya sekunde 20, kwa hiyo waliotegemea taarifa ya kuondolewa walizoea kuipata ikiwa imechelewa hadi sekunde 20. Sababu ya wabunifu wote hawa kufikia uamuzi unaofanana ni gharama. Kashe inaweza kuwa na vipengee laki kadhaa, na kumwekea kila kimoja kipima muda chake, au kuvipitia vyote kila sekunde, ni kazi isiyo na faida kwa lengo ambalo kashe iliundwa kwa ajili yake. Lengo hilo ni kwamba usipewe data iliyopita muda. Kumbukumbu kuachiliwa dakika moja baadaye hakumdhuru mtu. Muda wa mwisho ni mpaka; ninyi mmeutumia kama kengele.

Kwa sababu hiyo, kupunguza ExpirationScanFrequency hadi sekunde moja kutawasaidia mchana na hakutawasaidia usiku, kwa kuwa bado ukaguzi unahitaji mtu wa kuuanzisha. Iko njia ya kukiunganisha kipengee na CancellationTokenSource (ishara ya .NET ya kusitisha jambo) yenye muda wake, ambayo hutumia kipima muda halisi na hivyo kipengee huondolewa karibu na wakati wake hata pasipokuwa na wageni. Ingewaondolea tatizo la usiku, lakini nisingewashauri muishie hapo, kwa sababu ya vile viti ambavyo haviachiliwi kabisa.

Viti hivyo, kwa maoni yangu, vinatokana na mchakato kuanzishwa upya. IIS, isipobadilishwa mipangilio, huanzisha upya kundi la programu kila baada ya dakika 1740, yaani saa 29. Kwa kuwa saa 29 ni siku moja na saa tano, tukio hilo husogea mbele saa tano kila siku, leo alfajiri, kesho mchana, keshokutwa alasiri, na ndiyo maana huoni mpangilio. Kila linapotokea, mchakato mpya huanza na kumbukumbu tupu. Vipengee vyote vilivyokuwa vimeshikilia viti hutoweka pamoja na misimbo yao iliyosajiliwa, na hifadhidata inabaki na neno "kimeshikiliwa" ambalo hakuna tena atakayelifuta. Jambo hilo hilo hutokea kila mnapopandisha toleo jipya la programu. Angalia kumbukumbu za matukio za Windows uzilinganishe na nyakati za viti vilivyokwama.

Tiba ni kuuhamishia muda wa mwisho mahali palipo na ukweli wenyewe. Ongezeni katika jedwali la viti safu ya wakati, tuseme mwisho_wa_kushikilia, ya aina ya timestamptz (wakati unaozingatia kanda ya saa). Kiti kiwe wazi ikiwa hakijauzwa na ama hakina mshikiliaji, ama muda wake wa mwisho umepita. Anayetaka kukishika anatuma amri moja ya UPDATE (ya kubadili rekodi) yenye sharti hilo katika WHERE, na akiona hakuna rekodi iliyobadilika, anajua kiti kina mwenyewe. Kwa namna hii hakuna anayehitaji kufanya chochote dakika ya kumi inapotimia. Kiti kinakuwa wazi kwa sababu muda umepita, seva ikiwa macho au ikiwa imezimwa. Kazi ya kusafisha rekodi za zamani inaweza kubaki, lakini ikichelewa hakuna abiria anayeathirika.

Kuhusu nauli, tofauti ya saa tatu kamili ni ya kanda za saa, si ya kashe. Bila shaka muda wa mwisho umeandikwa kama DateTime.Today.AddDays(1) na seva imewekwa katika UTC, saa ya kimataifa. Saa sita usiku ya UTC ni saa tisa usiku kwetu Afrika Mashariki. Kashe imetii amri kikamilifu; amri ndiyo iliyotaja saa nyingine. Tajeni kanda waziwazi, ambayo katika Windows huitwa "E. Africa Standard Time" na katika Linux "Africa/Dar_es_Salaam" au "Africa/Nairobi", mpate usiku wa manane wa huku, kisha mugeuze kuwa UTC ambayo wakati wote itakuwa saa 21:00. Kwa bahati njema hatuna mabadiliko ya saa ya kiangazi, kwa hiyo hesabu hiyo haiyumbi kati ya miezi.

---

binti_pwani anajibu:

Nakubaliana na ndugu fundi_seva, nami ningependa kuongeza kuhusu Redis, kwa kuwa ushauri wa mwenzako wa pili una nusu iliyo nzuri sana na nusu itakayokurudisha pale pale ulipo.

Nusu iliyo nzuri ni usahihi wa kusoma. Katika toleo la 2.4 ufunguo, yaani jina la kipengee katika Redis, uliweza kukosea muda wake wa mwisho kwa hadi sekunde moja. Tangu toleo la 2.6 kosa hilo ni kati ya milisekunde 0 na 1. Zaidi ya hapo, Redis huhifadhi muda wa mwisho kama wakati kamili wa Unix, si kama idadi ya sekunde zilizobaki, kwa hiyo muda unaendelea kupita hata Redis ikiwa imezimwa, na data iliyohifadhiwa diskini ikirejeshwa, funguo zilizopita muda hazirudi kuwa hai.

Nusu ya pili ni zile taarifa. Redis hufuta funguo zilizokwisha muda kwa njia mbili: mtu anapougusa ufunguo na ukaonekana umepita muda, au katika ukaguzi wa chinichini ambao kwa mpangilio wa kawaida hufanyika mara 10 kwa sekunde na ambao huchukua sampuli tu ya funguo, haupitii zote. Taarifa ya kuisha muda hutolewa ufunguo unapofutwa, si wakati muda wake unapofika sifuri, na nyaraka za Redis zinalisema hili waziwazi. Funguo zikiwa chache, tofauti ni ndogo mno; zikiwa nyingi na hakuna anayezigusa, taarifa inaweza kuchelewa kwa kiasi kinachoonekana. Jambo zito zaidi ni kwamba taarifa hizo hupita katika mfumo wa kutangaza na kusikiliza ambao hauweki kumbukumbu: msikilizaji akiwa amekatika kwa sekunde mbili wakati programu yenu inaanzishwa upya, zilizotangazwa katika sekunde hizo hatazipata kamwe. Viti vyenu vya kukwama vingebaki kama vilivyo.

Mkiamua kuitumia, itumieni bila taarifa. Amri ya SET yenye NX (weka tu kama ufunguo haupo) na PX 600000 (muda kwa milisekunde) inashikilia kiti kwa dakika 10 kwa mtu mmoja tu, na kuwepo au kutokuwepo kwa ufunguo ndilo jibu la swali la kama kiti kimeshikiliwa. Lakini angalieni mambo mawili. La kwanza ni sera ya kumbukumbu ikijaa: Redis iliyowekwa allkeys-lru au volatile-ttl inaruhusiwa kuutupa ufunguo kabla ya muda wake, na abiria atapokonywa kiti akiwa bado anaingiza namba ya siri. Watu huuliza daima kama kashe inaweza kuchelewa na husahau kuuliza kama inaweza kuwahi. Kashe yoyote inaweza kuwahi, kwa sababu ruhusa ya kutupa ni sehemu ya maana yake. La pili ni kwamba seva ya pili ya Redis hunakili kutoka kwa ile kuu kwa kuchelewa kidogo, na ile kuu ikianguka kabla ya kunakiliwa, ushikiliaji wa hivi punde unapotea. Kwa hiyo mauzo ya mwisho lazima yalindwe na hifadhidata, kwa sharti la upekee wa safari na kiti.

Kwa seva moja na mabasi kadhaa, mimi nisingeongeza Redis kabisa. Safu moja katika PostgreSQL inatosha. Ningeifikiria kwa msimu wa sikukuu, watu wanapogombea viti kwa maelfu na hifadhidata inapoanza kuelemewa na majaribio ya kushika. Wala nisingeanza na Memcached, kashe nyingine ya nje ya programu, kwa kazi hii, kwa sababu saa yake ya ndani husogea mara moja kwa sekunde na muda wake wa mwisho huhesabiwa kwa sekunde nzima, na namba yoyote inayozidi siku 30 huichukua kuwa tarehe kamili ya Unix. Anayeomba siku 31 kwa kuandika idadi ya sekunde hupata kipengee kilichokwisha muda tangu mwaka 1970.

---

mkata_tiketi anajibu:

Nawashukuru sana. Nimeangalia, na seva kweli iko katika UTC, na nyakati za mchakato kuanzishwa upya zinalingana na viti vilivyokwama. Tunaanza kuhamishia muda wa mwisho katika hifadhidata.

Yamebaki maswali mawili. Kwanza, uthibitisho wa malipo ya simu mara nyingine hutufikia baada ya dakika 10 kupita, ingawa abiria aliidhinisha malipo mapema. Pili, ukurasa una saa ya kurudi nyuma inayomwonyesha abiria muda uliobaki, na wapo waliolalamika kwamba ilionyesha dakika nne zimebaki ilhali kiti kilikuwa kimeshauzwa kwa mwingine. Je, hilo nalo ni tatizo la kashe?

---

fundi_seva anajibu:

Nijibu la malipo, la ukurasa nimwachie mwingine.

Muda wa mwisho unampa mtu mwingine ruhusa ya kukichukua kiti. Haumlazimishi mshikiliaji wa kwanza kukipoteza ikiwa hakuna aliyekitaka. Basi katika rekodi ya kiti hifadhini pia namba ya oda iliyokishikilia, na uthibitisho wa malipo unapofika, sharti la kuuza liwe kwamba rekodi bado ina namba ya oda hiyo, pasipo kuangalia muda kabisa. Kama dakika 12 zimepita na hakuna mwingine aliyekishika, mwenye kulipa apewe tiketi yake. Kama mwingine amekwisha kukishika, namba ya oda itakuwa imebadilika, UPDATE haitagusa rekodi yoyote, na hapo mfumo unampa kiti kingine au unaanza kurudisha fedha. Pamoja na hilo, mwonyesheni abiria dakika 10 lakini shikilieni kiti kwa dakika 12 au 13, ili ucheleweshaji wa mtandao wa simu uangukie katika nafasi hiyo na si juu ya abiria. Mtu aliyekwisha kukatwa fedha kisha akaambiwa kiti kimeuzwa ana haki ya kukasirika, na usahihi wa milisekunde hautamfariji.

Tahadhari moja kuhusu PostgreSQL: now() hurudisha wakati muamala ulipoanza, si wakati amri inapotekelezwa. Mkifungua muamala, mkaita huduma ya malipo humo ndani, mkasubiri sekunde 40, kisha mkaandika now() pamoja na dakika 10, abiria amepunjwa sekunde 40. Ama fanyeni miamala iwe mifupi, jambo ambalo ni jema kwa sababu nyingine nyingi, ama tumieni clock_timestamp(), ambayo husoma saa wakati ule ule. Na mahesabu yote ya muda yafanywe na hifadhidata yenyewe. Siku mtakapoongeza seva ya pili ya wavuti, saa mbili hazitakubaliana kikamilifu hata zikisawazishwa kwa NTP, na ushindani wa kiti kimoja hauwezi kuamuliwa na saa mbili.

Kwa kuwa tumefika kwenye saa: pale mnapopima muda uliopita ndani ya mchakato mmoja, kwa mfano kujua huduma ya malipo imechukua sekunde ngapi, msitoe tofauti ya nyakati mbili za saa ya kawaida. Saa hiyo hurekebishwa na inaweza kurudi nyuma. Huduma ya DNS ya Cloudflare iliathirika hivyo tarehe 1 Januari 2017, sekunde ya ziada ilipoongezwa katika UTC usiku wa kuamkia mwaka mpya: msimbo ulidhani muda haurudi nyuma, ukapata tofauti hasi, na sehemu ya majibu yao ikashindwa. Katika .NET tumieni Stopwatch au Environment.TickCount64, ambazo husonga mbele tu. Muda wa mwisho wa kiti, kwa upande wake, lazima uwe wakati wa saa ya kawaida, kwa sababu unahitaji kueleweka hata baada ya mashine kuzimwa na kuwashwa.

---

mtazama_kivinjari anajibu:

Ndugu mkata_tiketi, la saa ya kurudi nyuma lina visababishi viwili vinavyowezekana, na nadhani vyote viwili vipo kwenu.

Cha kwanza ni vipima muda vya kivinjari. Ikiwa ukurasa unapunguza sekunde moja kila setInterval (amri ya kivinjari ya kurudia kazi kila baada ya muda) inapoamka, basi unahesabu mara ulizoamka, si muda uliopita. Ukurasa uliofichwa hupunguziwa kasi: kwa kawaida vipima muda huruhusiwa kuamka si zaidi ya mara moja kwa sekunde, na tangu Chrome 88 ya mwaka 2021, ukurasa uliofichwa kwa zaidi ya dakika tano unaweza kubanwa hadi mara moja kwa dakika. Skrini ya simu ikizimwa, hesabu inaweza kusimama kabisa. Sasa fikirieni abiria wenu anafanya nini hasa wakati huo: anatoka kwenye kivinjari, anaingiza namba ya siri, anasubiri ujumbe wa uthibitisho, labda anampigia ndugu amtumie salio, kisha anarudi. Saa yenu imelala wakati wote huo. Badala ya kupunguza, hesabuni upya kila mara kutoka kwa muda wa mwisho, na msikilize tukio la visibilitychange ili abiria anaporudi ukurasa uiulize seva hali ya kiti kabla ya kumwonyesha chochote. Seva nayo itume sekunde zilizobaki badala ya saa kamili ya mwisho, kwa sababu simu nyingi zina saa isiyo sahihi, na simu iliyo nyuma dakika nne itaonyesha dakika nne za uongo kila siku, kwa kila tiketi.

Cha pili ni kashe ya HTTP, na hapa mambo huchanganywa sana. Agizo la max-age katika kichwa cha Cache-Control, linalotaja jibu litumike kwa muda gani, huhesabiwa kwa sekunde nzima, na kanuni zake sasa ziko katika RFC 9111 ya mwaka 2022. Watu wengi huamini kwamba ukiwa na sekunde 60 katika kashe ya kati (iliyo njiani kati ya seva na kivinjari) na sekunde 60 katika kivinjari, abiria anaweza kuona data ya sekunde 120 zilizopita. Si hivyo, kashe zote zikifuata kanuni: kashe ya kati hutuma kichwa cha Age, na kivinjari hukitoa katika max-age, kwa hiyo jibu lililokaa sekunde 59 njiani linabaki na sekunde moja tu ya uhai. Kinachojumlishwa kweli ni kashe ya ndani ya programu. Mkichukua orodha ya viti kutoka IMemoryCache ikiwa na umri wa sekunde 59 na kuituma kama jibu jipya, jibu hilo linaondoka na umri wa sifuri, na sekunde 60 zinaanza upya. HTTP haina njia ya kujua kwamba ndani ya jibu jipya kuna habari ya zamani, msipoiambia. Kuna pia mtego wa upande wa pili: mkiweka s-maxage (muda wa kashe za kati) ya 300 na max-age ya 60, jibu lililokaa sekunde 200 katika kashe ya kati linafika kwa abiria likiwa tayari limepita muda, na kivinjari chake kitaliuliza tena karibu kila mara.

Kwa ramani ya viti ningetuma no-store (jibu lisihifadhiwe katika kashe) na kuiacha hifadhidata ijibu. Ni swali dogo, la safari moja, lenye rekodi kama hamsini. Orodha ya vituo na ratiba za mwezi ziwekeni katika kashe kwa saa nzima pasipo wasiwasi, na huko ongezeni nasibu ya dakika chache katika muda wa mwisho wa kila kipengee ili vyote visiishe kwa pamoja na kuiangukia hifadhidata kwa wakati mmoja. Usahihi huko hauna faida. Kutawanyika kuna faida.

---

binti_pwani anajibu:

Neno moja kuhusu majaribio, maana nimeona timu nyingi zikiandika jaribio linalosubiri sekunde 11 ili kuthibitisha kwamba kipengee cha sekunde 10 kimekwisha, kisha jaribio linafeli siku seva ya majaribio inapoelemewa na watu wanaacha kuliamini. Tangu .NET 8 kuna TimeProvider, inayoipa programu wakati wa sasa, na pamoja nayo FakeTimeProvider ya majaribio, ambayo unaisogeza mbele kwa dakika 10 kwa mstari mmoja bila kusubiri. Kwa upande wa hifadhidata, ni rahisi zaidi: ingizeni rekodi ambayo mwisho_wa_kushikilia ni dakika moja iliyopita, halafu mjaribu kuishika. Jaribuni pia pande zote mbili za mpaka wenyewe, yaani wakati muda wa mwisho ni sawasawa na sasa. Amueni kama alama ni ndogo-kuliko au ndogo-au-sawa, na alama hiyo hiyo itumike katika swali la kuonyesha viti na katika amri ya kuvishika. Zikitofautiana, ukurasa utaonyesha kiti kiko wazi na amri itakikataa, na abiria ataona mfumo unaojipinga wenyewe.

Na msisahau jaribio la kuzima mchakato katikati ya ushikiliaji na kuuwasha tena, kwa sababu ndilo ambalo mfumo wa sasa ungelishindwa tangu siku ya kwanza.